Dhahabu ya Kwenye Shuka

Mount Druitt nzima, kitongoji hiki cha Sydney, Fébronie peke yake ndiye aliyejua namna ya kuiba dhahabu ya tajiri mwovu mchana kweupe na bado ukabaki mtu mwema. Alifundishwa na marehemu mume wake. Bruno mwenyewe hakuwahi kuiba hata muwa wa jirani, lakini kila Jumamosi, enzi za ujana wao, aliiba dhahabu hiyo mbele ya mapadri na mbele ya mabwana wa mgodi, na watu wakamshangilia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kwenye kambi ya mgodi, huko milimani Kivu, misheni ilikuwa na mashine ya sinema na filamu moja tu, ya makauboi. Walitundika shuka la padri ukutani, mashine ikawashwa, farasi wakatimua vumbi. Taabu ni kwamba makauboi walisema Kiingereza, na hapakuwa na wa kukijua. Padri naye alikuwa Mbelgiji, Kiingereza alikisikia kama sisi tunavyosikia kuku wa jirani. Ndipo Bruno, aliyekuwa fundi wa ile mashine, akasimama kando ya shuka na fimbo mkononi, akaanza kufasiri. Watu waliamini kwamba anakijua. Mtu hawezi kusimama mbele ya padri akafasiri lugha asiyoijua, si ulimi ungemkauka?

Kwa kinywa cha Bruno, kauboi mrefu wa kofia nyeusi alikuwa mwana wa mlimani. Tajiri alimpora shamba, akamsingizia wizi, akamfunga gerezani, kisha akachimba dhahabu palepale penye shamba. Kauboi alipotoka kifungoni hakuzungumza habari za shamba tena, moyo wake wote ulikuwa kisasi. "Dhahabu hii ilitoka chini ya mihogo ya mama yangu," alisema akipanda farasi, "na itarudi kwenye mihogo." Hapo wachimbaji walipiga makofi mpaka shuka likapepea. Mabwana wa mgodi, waliokalia viti vya mbele, nao walipiga makofi kwa adabu, wakidhani watu wamefurahia farasi.

Tena kulikuwa na mwanamke, mwenye nyumba ya wageni, aliyesimama mlangoni akimtazama kauboi akipanda ngazi. Huyo Bruno alimwita Chibalonza. Sasa Fébronie, ambaye jina lake la nyumbani kabla ya ubatizo lilikuwa hilohilo, amekaa chini kwenye nyasi na wasichana wenzake, akasikia jina lake linatoka kwenye shuka. "Hata ukija mikono mitupu," mwanamke alimwambia kauboi, "Chibalonza atakufungulia mlango." Na Bruno aliposema maneno hayo hakulitazama shuka. Mvua za mwaka ule hazijaisha, wajumbe wa posa wakafika kwa baba yake Fébronie na mbuzi.

Kasoro ilikuwa moja. Filamu haikuwa na mwisho. Gurudumu la mwisho la mkanda wake lilipotea, wengine walisema limebaki misheni nyingine, wengine walisema panya. Kauboi alipoinama kufungua sanduku la dhahabu, shuka lilibaki jeupe, na Bruno akamalizia kwa maneno matupu. Kauboi anaifukia dhahabu kwenye mihogo, anarudi kwa Chibalonza, mlango unafunguka. Watu walikwenda kulala wameridhika kuliko kama wangeuona mwisho wenyewe.

Basi hiyo ndiyo mali aliyokuja nayo Fébronie Australia, maana mali nyingine zilibaki njiani, kambi baada ya kambi. Na Bruno alifia hapahapa Sydney, mwaka ule wa kwanza wa korona. Hakuuawa na korona, aliuawa na sukari, ila korona ndiyo iliyomzika. Watu wa mazishi walihesabiwa mlangoni, viti vikatenganishwa kama watu waliogombana, kanisa la Seven Hills likafungwa. Matanga yalifanyika kwenye simu, na katikati ya matanga simu ya mchungaji ikaisha chaji. Hakuna aliyesimama akasema huyu mtu alikuwa nani. Mwanamume aliyelifanya shuka liseme alizikwa kimya kama mtu aliyekuwa bubu.

Kilio kisicholiliwa hakioshi moyo. Kinabaki kimekaa kifuani kama ugali usiokubali kushuka. Fébronie akawa anamhadithia Bruno kwa kila mtu, kwa daktari, kwa dereva wa basi, kwa dada wa Kihindi wa dukani aliyekuwa anatafuta tu kumrudishia chenji. Na kila hadithi ilikwenda palepale, kwenye shuka.

Mwaka wa pili korona ikarudi kwa nguvu, na upande wetu wa magharibi ndio uliobanwa zaidi. Helikopta zikazunguka juu ya mapaa zikitangaza watu wakae ndani. Askari wakapita, wengine kwa miguu, wengine juu ya farasi. Fébronie alipowaona kwa mara ya kwanza wale farasi wa polisi wakikatiza mbele ya maduka, na watu wote barabarani wamefunga vitambaa usoni kama majambazi, alimwambia binti yake kwamba hii sinema anaijua.

Binti yake Vanessa alifanya kazi kwenye ghala la Wetherill Park. Mwenzake mmoja wa zamu alikutwa na ugonjwa, kwa hiyo Vanessa naye alirudishwa nyumbani ajitenge, akawa anazunguka nyumba ile ndogo kama mtu aliyepoteza funguo. Ndiye aliyekuwa na rimoti siku tangazo lilipopita: Jumapili mchana, filamu ya zamani. Ikaonekana kofia nyeusi, ikaonekana sura ndefu, ukaonekana mlango na mwanamke. Fébronie akaacha maharage aliyokuwa akichambua yakamwagika yote sakafuni.

Alitoka hadi roshani kuwatangazia watu.

Roshani ya pili, ambayo ungeweza kuigusa kwa mpini wa fagio, ilikuwa ya Rispah, mama Mkenya, mjane kama yeye, aliyeletwa na mwanawe Kiprono, nesi. Wawili hawa walikuwa marafiki wa roshani. Waliazimana chumvi kwa fagio na kusengenya mchungaji kwa sauti ya chini. Rispah aliposikia habari za kauboi wa kofia nyeusi alicheka, akasema filamu hiyo anaijua tangu msichana. Ililetwa sokoni kwao Kericho na gari la sinema la watu wa sabuni, na aliyefasiri alikuwa muuza sabuni mwenyewe, amesimama juu ya gari na kipaza sauti.

Kwa muuza sabuni, mambo hayakuhusu shamba kabisa. Tajiri alimdhalilisha kauboi mbele ya watu kwa sababu ya kola chafu. Hicho ndicho kisasi. Kauboi kila aliposhuka kwenye farasi alikuwa anakwenda kufua, na kila alipopigana ilikuwa ni kwa sababu mtu amemchafua. Wasichana walipomkimbilia, walifuata harufu. Na mwishowe, Rispah alisema, kauboi alikufa juu ya dhahabu, kwa sababu tamaa mbele mauti nyuma.

Fébronie alimsikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtoto anayesema mwezi unamfuata. Kisha akamwambia kwamba muuza sabuni alikuwa anauza sabuni. Rispah akajibu kwamba angalau yule alikuwa na sabuni ya kuuza.

"Na mzee wako je, Mama Vanessa? Alikuwa anauza nini? Si ni wewe alikuwa ananunua?"

"Bwana yangu alikuwa anajua Kiingereza," Fébronie alisema.

"Kiingereza gani, na hapa Sydney alikuwa anaitikia daktari 'yes' mpaka akaulizwa kama ana mimba? Mimi nampenda marehemu, lakini alikudanganya, mama. Hiyo sinema aliitunga."

Haya maneno Rispah aliyatoa kwa mzaha, kama walivyozoea. Lakini yaliingia mahali pabaya. Fébronie aliingia ndani akafunga mlango wa kioo, na chumvi haikupita tena baina ya roshani zile. Ikiwa Bruno alitunga, basi lile jina lililotoka kwenye shuka lilitungwa, na maneno ya mlangoni yalitungwa, na yeye ameolewa na uongo akauzalia watoto. Na hakuna aliyesimama mazishini kusema vingine.

Habari zilishuka ngazi kabla ya jioni. Mzee Ntakirutimana wa chini, Mrundi ambaye televisheni yake ilikufa siku ileile lokidauni ilipoanza, alipiga kelele kutoka uani kwamba yeye atakaa kwenye kiti chake kando ya mapipa ya taka, na kina mama wamsimulie wote wawili, halafu ataamua nani mkweli. Hakuna aliyempa uhakimu, lakini kipindi kile watu walichukua kazi yoyote iliyopatikana.

Jumapili ikafika. Fébronie alivaa kitenge chake cha matanga, kile ambacho hakikuwahi kuvaliwa kwa sababu matanga yalifanyika kwenye simu na simu haioni chini ya kifua. Akaigeuza televisheni ielekee roshani, akaweka kiti mlangoni, akashika mwiko badala ya fimbo. Upande wa pili Rispah alikuwa amekaa tayari, barakoa kidevuni, na Kiprono nyuma yake, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Hawakuamkiana.

Farasi wa kwanza walipotokea, Fébronie alisikia mgongo wake unanyooka wenyewe. Akaanza kwa sauti ambayo Vanessa hakuwahi kuisikia, sauti ya Bruno iliyovaa kitenge. Huyu hapa, mwana wa mlimani, ametoka gerezani. Huyu ndiye tajiri, tazameni tumbo lake, hilo tumbo ni mihogo yetu.

Rispah naye akaanza. Ila televisheni yake ilipata picha kupitia intaneti, na kwa hiyo ilichelewa. Kwa Fébronie mtu alipigwa risasi akaanguka. Kwa Rispah mtu yuleyule alikuwa bado anakunywa chai kwa amani. Fébronie akimlilia, Rispah anasema huyo ni mzima kabisa, anafikiria kubadilisha shati. Mzee Ntakirutimana, asiyeona chochote ila ukuta na mapipa, alishika kichwa. Aliomba aelezwe kama marehemu amekufa au la. Akajibiwa na roshani moja ndiyo, na nyingine bado.

Kosa la Vanessa lilikuwa wema. Alikaa karibu na mama yake, na kwa kuwa Kiingereza anakijua, akaanza kumnong'oneza yanayosemwa hasa. Mama, hasemi habari za mihogo. Anasema anadai sehemu yake, kwa sababu yeye na yule tajiri waliiba pamoja zamani na tajiri akamgeuka. Mama, huyu naye ni mwizi.

Fébronie hakugeuka. Mwiko ulitulia hewani.

Akaja yule mwanamke mlangoni. Mweusi wa nywele, mkono kiunoni, vilevile, kama vile hakuzeeka hata siku moja huku wengine wakivunjika magoti. Kauboi akapanda ngazi. Mwanamke akafungua kinywa, na Fébronie, baada ya miaka yote ile, akamwuliza binti yake kwa sauti ndogo amesema nini.

Vanessa alisita. Alikuwa mtoto mzuri, na mtoto mzuri ni hatari. "Anamwambia afute viatu, Mama. Anasema hapa si zizi."

Na kwenye roshani ya pili, muda kidogo baadaye, Kiprono aliinama sikioni kwa mama yake, na Rispah akafumba macho. Fébronie aliona. Alijua Rispah naye ameambiwa kwamba hakuna kola, hakuna sabuni, hakuna aliyefua chochote tangu filamu ianze. Wanawake wawili wakatazamana juu ya lile pengo dogo, kila mmoja na uongo wake mkononi.

Chini, Mzee Ntakirutimana aliuliza mwanamke amesema nini.

Helikopta ilisikika mbali, upande wa Blacktown.

Fébronie alimwambia Vanessa aende akatazame maharage. Vanessa akasema maharage hayajabandikwa. Fébronie akamwambia basi akayabandike. Kisha akasimama, akamtazama mwanamke wa kwenye kioo cha televisheni kama unavyomtazama mke mwenza, akanyanyua mwiko.

"Amesema, hata ukija mikono mitupu, Chibalonza atakufungulia mlango."

Rispah angeweza kumkana. "Kwangu bado hajafika mlangoni," alisema. Na alipofika, Rispah akasema tu kwamba ndiyo, maneno ni kama hayo, ila viatu ni vichafu.

Hapo sinema ikashika kasi. Kauboi na wenzake wakauvamia msafara wa tajiri bondeni, baruti ikalipuka, mikokoteni ikapinduka, na Fébronie, aliyejua sasa kwamba hakuna neno hata moja la kweli, akaona ajabu kwamba maneno yanakuja mengi zaidi. Sauti yake ilifika mpaka kwenye kituo cha basi. Madirisha yakafunguka jengo zima, na jengo la mbele pia, vichwa vya Wasamoa, vya Wafilipino, vya Wasudani, watu wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji. Akatangaza kwamba askari wa farasi wa tajiri wanakuja, wasikilizeni kwato.

Na kwato zikasikika.

Kwenye kona walitokea polisi wawili juu ya farasi wakubwa wa kahawia, farasi wamevaa miwani ya plastiki usoni kama mafundi wa kuchomelea. Mzee Ntakirutimana alisimama akavua kofia. Baadaye alisema yeye alishapita nchi nyingi na kuona serikali nyingi, lakini hajawahi kuona televisheni ya namna hiyo.

Farasi walisimama chini ya roshani. Polisi mwanamke akauliza kwa Kiingereza kuna nini hapa, kwa nini watu wanapigiana kelele, na mbona inasikika kama mkutano. Fébronie alibaki na mwiko juu. Aliuona mwiko wake mwenyewe, kitenge chake, jirani zake wote madirishani, na kwa mara ya kwanza aliona aibu. Hakuwa na Kiingereza cha kueleza, na hata angekuwa nacho angeanzia wapi? Kwamba mama mmoja anatetea sinema isiyokuwepo?

Kiprono ndiye aliyejibu. Aliegemea ukuta wa roshani, mchovu, akasema maneno machache kwa upole, kama manesi wanavyosema na ndugu wa mgonjwa. Polisi yule alimtazama Fébronie. Akagusa ukingo wa kofia yake. Mwenzake naye akagusa. Wakawarudisha farasi hatua kidogo, wakabaki pale kivulini, hawakuondoka.

Fébronie akamwuliza Vanessa kijana amesema nini, na safari hii aliogopa jibu kuliko lile la viatu.

"Amesema ni msiba, Mama. Amesema unamlilia Papa, kwa sababu wakati ule haikuruhusiwa."

Rispah alisikia. Polepole alivuta barakoa kutoka kidevuni akafunika mdomo, kama mtu anayefunga kanga kichwani mbele ya nyumba ya wafiwa, akageuza kiti chake. Hakukielekeza tena kwenye televisheni yake. Alikielekeza kwa Fébronie.

Kwenye kioo, vumbi lilikuwa linatua. Msafara umetekwa, tajiri amekimbia, kauboi amebaki peke yake na sanduku. Fébronie alilijua sanduku hilo kama anavyolijua kaburi. Aliinama anavyoinama kauboi. Mwisho aliousubiri tangu ujana wake ulikuwa upande wa pili wa ule mfuniko. Mkono wa kauboi ukashika kufuli.

Picha ikakatika.

Akatokea mkubwa mmoja wa serikali, ana tai, amesimama mbele ya bendera, uso wa mtu aliyeleta habari zilezile. Kando yake mwanamke mwenye shati jeusi akipunga mikono, yule wa kuwafasiria viziwi. Tangazo la dharura. Sekunde chache baadaye mkubwa huyohuyo akatokea kwa Rispah, na kutoka dirisha hadi dirisha watu wakaguna, maana walijua bila kuambiwa kwamba lokidauni imeongezwa.

Vanessa alisema pole, Mama. Wakirudisha filamu itakuwa imeisha.

Fébronie alisimama kama Bruno alivyosimama Jumamosi zote zile, mbele ya shuka lililobaki jeupe na watu wanasubiri. Sasa ndipo alipoelewa jambo ambalo hakuwahi kumwuliza. Bruno hakudanganya. Watu walikuwa wametembea kutoka mashimoni na taa zao vichwani, na filamu ilikuwa haina mwisho, na mtu mmoja lazima awape kitu cha kurudi nacho nyumbani.

"Endelea, Mama Vanessa," Rispah alisema kutoka kwenye kiti chake. "Mimi pia huo mwisho sikuuona, nilisimuliwa tu. Sanduku likifunguliwa, yule mtu alizima jenereta akaanza kuuza sabuni."

Fébronie akageukia kioo, akamwelekezea mwiko yule mkubwa wa serikali.

Huyu hapa, akasema, ni tajiri mwenyewe. Amekimbia mpaka mjini, amebadilisha nguo, amefunga tai, anafikiri hatumjui. Tumbo limemsaliti. Sasa ameshikwa na anaungama. Anasema, mimi ndimi niliyechukua mashamba, mimi ndimi niliyesingizia watu.

Mzee Ntakirutimana akauliza aliyemshika ni nani.

"Askari wa farasi," Fébronie alisema. "Si ndio hao umekaa nao." Na Mzee akawatazama polisi wale wawili kwa heshima mpya kabisa.

Na huyu mwanamke wa kando, je, anapunga nini? Huyo ni Chibalonza. Tajiri anasema maneno ya kuzunguka, yeye anawaonyesha watu ukweli kwa mikono. Tazameni, anasema dhahabu haikuwa ndani ya sanduku. Sanduku lilikuwa la kuwapumbaza wezi. Anaonyesha hivi, mviringo, anasugua, anasugua. Hapo Fébronie akasita, akaangalia roshani ya pili, ambako rafiki yake alikuwa ameketi, kiti kimeelekezwa msibani. "Ilikuwa ndani ya sabuni," alisema. "Kauboi aliiyeyusha akaificha ndani ya miche ya sabuni, kwa sababu alijua mtu mchafu wa roho hataigusa."

Rispah aliinamisha kichwa. Mabega yalitikisika, na hukuweza kujua kama ni kicheko au ni kilio, kwa sababu ya ile barakoa.

Fébronie alimalizia. Kauboi alichukua sabuni yake akaenda nayo mlimani. Njiani aligawia wachimbaji, aligawia wajane, aligawia kambi zote alizopita, mpaka alipofika mlangoni hakubaki na kitu. Akagonga. "Na jina lake," Fébronie alisema, na sauti ya Bruno ikamtoka sasa, ikabaki yake mwenyewe, nyembamba, "jina lake lilikuwa Bruno. Alikuwa fundi wa mashine. Alinyoosha shuka mwenyewe kabla ya kuonyesha, hakupenda mikunjo. Alikuja mikono mitupu na mlango ulifunguliwa."

Wa kwanza kupiga makofi walikuwa Wasamoa wa jengo la mbele, ambao hawakuelewa neno. Halafu wakapiga wote. Kwenye kioo mkubwa wa serikali alikuwa anakunja karatasi zake, na ilionekana kama vile amekubali.

Filamu iliporudi, majina tu ndiyo yaliyokuwa yakipanda, majina ya watu waliokwisha kufa. Vanessa alikuwa ameshashika simu yake. Akasema mwisho anaweza kuupata hapahapa, dakika moja. Fébronie alimjibu kwamba wameshauona. Upande wa pili Rispah naye alikuwa anamwambia Kiprono kitu, na Kiprono akaingia ndani bila kubishana, mikono juu kama mateka.

Farasi waliondoka taratibu. Mmoja aliacha kinyesi mbele ya mapipa, na Mzee Ntakirutimana alikiangalia muda mrefu, akasema kingefaa mihogo.

Fagio likaja. Lilivuka pengo kutoka roshani ya Rispah, likitetemeka, na kwenye ncha yake ulining'inia mfuko wa plastiki. Fébronie akaufungua. Ndani mlikuwa na mche mzima wa sabuni ya manjano, ule mrefu unaouzwa kwenye maduka ya Waafrika, haujakatwa hata kipande. Kwa jua lile la mchana uling'aa kidogo.

"Mtu haji msibani mikono mitupu," Rispah alisema.

Fébronie aliupima mkononi. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alimwambia Rispah kwamba ni mapema mno kuukata, wangoje mpaka wafunguliwe, waukate pamoja. Kisha akachukua fagio, akatundika mfuko wa chumvi, akaurudisha.

Chini, Mzee Ntakirutimana alikuwa bado hajakunja kiti. Alitaka kujua kama kauboi alifuta viatu kabla ya kuingia.

Mama hao wawili walitazamana.

"Alifuta," walisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna televisheni iliyochelewa.